Bweremana: Risasi ya wavu, kalibu yake, na sumu inayobaki nyumbani

Wavu wa samaki ni kamba mbili zinazovutana. Ya juu imefungwa maboya ili ielee, ya chini imefungwa vizito ili izame. Vizito vikikosekana, wavu unalala juu ya maji kama nguo iliyoanguka ziwani, na mvuvi anarudi nyumbani na mikono mitupu. Ndiyo maana kila anayevua Ziwa Kivu, kuanzia Bweremana hadi Minova na hadi Idjwi ng'ambo, ana swali lisiloepukika: kamba ya chini aifunge nini?

Jibu ambalo mafundi wengi duniani wamelitoa kwa muda mrefu ni risasi. Si zile masasi za bunduki, bali madini yenyewe, yale ambayo Wafaransa huita plomb. Ni mazito, ni laini, yanayeyuka juu ya makala ya kawaida, na yanapatikana ndani ya batri nyingi za magari na za umeme wa jua zilizokufa. Fundi anahitaji mbabula, chombo cha chuma na kalibu ya kumwagia. Kwa asubuhi moja anaweza kutoa vizito vya wavu mzima.

Lakini kazi hiyo ndogo imeua watoto katika kijiji cha wavuvi huko Senegal, na uyeyushaji wa batri umewapeleka wakaaji wa mtaa mmoja wa Mombasa mahakamani kwa miaka mingi. Kabla ya kuchagua kalibu, ni vema kujua kinachomwagwa ndani yake.

Neno moja, vitu viwili

Huku kwetu mtu akisema "lisasi" au "masasi", kila mmoja anafikiria bunduki, na sababu inajulikana. Katika Kiswahili, hata hivyo, risasi ni jina la madini kwanza. Neno limetoka katika Kiarabu, ambako rasas ni madini hayo mazito ya rangi ya kijivu. Kitu kilichotoka kwenye mdomo wa bunduki kiliitwa risasi kwa sababu wakati ule kilikuwa risasi tupu: donge lililoyeyushwa, likamwagwa kwenye kalibu, likapoa.

Neno "kalibu" nalo limetoka katika Kiarabu, qalib. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno hilohilo lilipita Ulaya na kuwa "calibre" ya Kifaransa. Kwa hiyo mwindaji wa Masisi au Walikale anayesema "kalibre 12" anatamka ndugu wa neno kalibu bila kujua.

Na ile 12 nayo ina maana yake. Zamani ukubwa wa mdomo wa bunduki ulipimwa kwa madonge ya risasi. Walichukua ratili moja ya Kiingereza ya risasi, yaani gramu 454 hivi, wakaigawa katika madonge 12 ya duara yaliyo sawa. Bunduki ambayo donge moja la namna hiyo lilienea mdomoni mwake iliitwa ya 12. Kila donge lilikuwa na gramu 38 hivi. Kalibre 16 ni ndogo zaidi kwa sababu ratili ileile imegawanywa mara 16.

Duara au ya ncha?

Wakati wa bunduki na bastola za zamani, kuchagua kalibu lilikuwa jambo la kila mwenye silaha, maana risasi za dukani hazikuwapo au zilikuwa mbali. Bastola za Marekani za aina ya Colt za katikati ya karne ya 19 ziliuzwa mara nyingi pamoja na kalibu ya chuma inayofunguka kama koleo, yenye matundu mawili: moja la duara na moja la umbo refu lenye ncha. Mwenyewe alichagua.

Ya duara ilikuwa rahisi. Haina upande wa juu wala wa chini, haiwezi kuingia imepinda, na inatumia risasi kidogo. Ya ncha ilikuwa nzito zaidi na ilishika mwendo wake mbali zaidi, lakini ilitaka mkono makini: ikiingia imelala upande, inakwenda upande. Zote mbili zilitaka risasi laini, isiyochanganywa. Risasi ngumu haikujibana vizuri ndani ya chuma. Na kwa kuwa baruti nyeusi huacha masizi mengi, watu walipaka mafuta ya wanyama ili silaha isizibe.

Katika Kongo ya mashariki, silaha zilizoenea zaidi hazikuwa bastola. Wakati wa Tippu Tip na wafanyabiashara wa Manyema, bunduki nyingi zilikuwa gobori, zinazojazwa kwa mdomo. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuuza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kongo yote imo ndani ya mipaka hiyo. Gobori laini la gumegume liliweza kuruhusiwa, la kisasa lilibaki kwa serikali na askari wake. Wazungu walisema ni kwa ajili ya kumaliza biashara ya watumwa. Matokeo yake mengine yalikuwa kwamba mwenyeji alibaki na donge la duara, na Force Publique ikabeba bunduki zenye nguvu kuliko zake.

Leo mambo hayo yako chini ya sheria. Tangu tarehe 3 Septemba 1985, sheria ya nchi yetu juu ya silaha na risasi haimruhusu raia kuvitengeneza wala kuvimiliki bila kibali. Kalibu ya bastola haina nafasi katika nyumba ya mvuvi. Lakini ujuzi uleule wa kuyeyusha na kumwaga umehamia kwenye wavu, na maswali yamebaki yaleyale: umbo gani, uzito gani, risasi ya kutoka wapi?

Bweremana na ziwa lake

Bweremana iko kando ya maji, katika kundi la Mupfunyi-Shanga, usultani wa Bahunde, teritware ya Masisi. Barabara ya taifa namba 2 inapita hapo ikitoka Goma na Sake kwenda Minova na Bukavu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mapigano yalipokata barabara hiyo upande wa Shasha, na Januari 2025 M23 ilipochukua Minova, wakaaji wa pwani hii waliona tena kwamba ziwa ndilo barabara yao ya pili na ndilo shamba lao la pili.

Shamba hilo lina samaki mmoja mkubwa kwa umuhimu ingawa ni mdogo kwa mwili: sambaza. Hakuzaliwa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, akazaana mpaka akawa chakula cha kila soko. Anavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, wavu unashushwa chini, taa inawaita samaki, kisha wavu unainuliwa. Kuna pia nyavu za kusimama majini kama ukuta, zinazotegwa kwa ajili ya tilapia na samaki wengine.

Aina hizo mbili za wavu hazitaki uzito wa namna moja, na hapo ndipo mvuvi anaweza kuokoa pesa na afya kwa pamoja. Wavu wa kuinua unahitaji vizito vichache na vikubwa kwenye pembe zake. Wavu wa kusimama unahitaji vidogo vingi, vilivyo sawa, vilivyopangwa kwenye kamba yote ya chini.

Batri nayo imeingia ziwani kwa njia ya taa. Taa za petroli zimeanza kuziachia nafasi taa za umeme, na taa ya umeme inataka batri. Batri ya kawaida ya gari au ya umeme wa jua ina mabamba ya risasi ndani yake. Risasi peke yake ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikifa, mwenyewe anaona mzigo wa risasi mlangoni pake bila kulipa franka. Kishawishi kinaanzia hapo.

Mambo ya Thiaroye-sur-Mer

Thiaroye-sur-Mer ni mji wa wavuvi karibu na Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi mafundi wa chuma wa huko walivunja batri za magari, wakatoa risasi, wakaimwaga kwenye kalibu na kutengeneza vizito vya nyavu. Mabaki na vumbi viliingia kwenye mchanga. Hakuna aliyehangaika, maana mchanga haukubadilika rangi.

Kisha bei ya risasi ikapanda duniani. Wakatokea wanunuzi, na akina mama wakaanza kuchekecha mchanga ule ili kuokota vipande vilivyobaki. Wengine walibeba mifuko hadi nyumbani na kufanya kazi hiyo uani, watoto wakiwa mgongoni au wakicheza pembeni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Wachunguzi walipopima damu ya ndugu zao na mama zao, walikuta risasi kwa kiwango cha kutisha.

Tuangalie mpangilio wa mambo hayo. Batri, mbabula, kalibu, wavu: ni kazi ileile ambayo fundi yeyote wa ziwani anaweza kuifanya. Wafu hawakuwa mafundi. Walikuwa watoto wadogo wa jirani.

Karibu nasi zaidi, huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliishi pamoja na kiwanda cha kuyeyusha batri kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, na mwanzoni ilidhaniwa ni magonjwa ya kawaida. Vipimo vilionyesha risasi katika damu. Alikuwa ameipata kwa maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akawakusanya wakaaji, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilipingwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Pesa hizo hazitoi risasi iliyokwisha ingia mwilini.

Kwa nini watoto?

Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu. Chuma kinataka zaidi ya 1,500. Huo ndio urahisi wake na ndio mtego wake: mtu anaona kazi ya jikoni, anaifanya jikoni.

Sumu inaingia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni moshi, hasa pale moto unapozidi na risasi kuwa nyekundu badala ya kubaki na rangi ya fedha. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni vumbi. Unga wa kahawia na wa kijivu unaotoka kwenye mabamba ya batri, pamoja na povu kavu linalokwanguliwa juu ya risasi iliyoyeyuka, ni risasi iliyosagika tayari kumezwa. Inashika mikono, nguo, viatu, mkeka. Mtoto anayetambaa anaigusa na kuweka kidole mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo anaweza kunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili unaichukua kama vile ni kalsiamu na kuihifadhi ndani ya mifupa na meno. Mwanamke aliyeimeza akiwa msichana anaweza kuiachia tena wakati wa mimba, ikamfikia mtoto tumboni.

Dalili zake zinadanganya: tumbo kuuma, choo kigumu, kuchoka, damu kupungua, mtoto kuwa mkali au mzito kuelewa. Ikizidi sana, degedege na kupoteza fahamu. Katika sehemu yenye malaria na minyoo, mganga ana sababu nyingine kumi za kufikiria kabla ya risasi. Kwa hiyo mzazi ndiye anayepaswa kusema: "Nyumbani kwetu au kwa jirani kuna kazi ya batri." Maneno hayo yanaweza kubadilisha matibabu yote. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kiwango kidogo hakitoi dalili yoyote. Kinapunguza tu akili ya mtoto kimyakimya, na shuleni wanasema ni mvivu.

Masasi ya vita si risasi ya wavu

Kuna hatari nyingine ya pwani hii. Baada ya mapigano, masasi yanabaki mashambani na kando ya njia. Mtu anaweza kufikiria kwamba hiyo nayo ni risasi ya bure. Si kweli.

Tangu mkutano wa The Hague wa mwaka 1899, mataifa yalikatazana kutumia vitani risasi zinazopanuka mwilini. Masasi ya vita hufunikwa ganda gumu. Ile ya kawaida ya Kalashnikov ina ganda la chuma lililopakwa shaba na, mara nyingi, moyo wa chuma ndani. Risasi yenyewe ni utando mwembamba kati ya hayo mawili. Anayeyavunja hapati kitu cha kujaza hata kalibu moja.

Lakini anaweza kupata mauti. Yasiyofyatuliwa yana baruti. Ya bunduki kubwa mengine yana dawa ya kuwasha moto. Vichwa vya mabomu na fataki za makombora vinaweza kuonekana kama vyuma vya kawaida kwa mtoto anayetafuta cha kuuza. Kanuni ni moja: usiguse, usisogeze, usitie motoni. Weka alama mbali nayo, wazuie watoto, umjulishe chifu wa kijiji, mkuu wa shule au kituo cha afya ili wataalamu wa kutegua waitwe.

Hesabu ya uzito majini

Sababu inayotolewa kwa kupenda risasi ni uzito wake. Ni kweli: lita moja ya risasi ina kilo 11.3, ya chuma kilo 7.8, ya jiwe gumu kilo 2.7 hivi. Lakini wavu hautaki uzito wa sokoni, unataka uzito wa majini, na kila kitu kinapungua uzito kikizama.

Kilo 1 ya risasi ndani ya maji inavuta kama gramu 910. Kilo 1 ya chuma inavuta kama gramu 870. Jiwe gumu lisilo na matundu linavuta kama gramu 630, saruji iliyochanganywa na mchanga na changarawe kama 560, na udongo uliochomwa vizuri kama 500.

Tukigeuza hesabu, kilo 1 ya risasi kwenye wavu inaweza kubadilishwa na:

- chuma: kilo 1 na gramu 50;
- jiwe gumu: kilo 1 na gramu 450;
- saruji: kilo 1 na gramu 600;
- udongo uliochomwa: kilo 1 na gramu 800.

Jiwe jepesi la volkano lenye matundu, lile la kando ya Goma, halifai sana. Lichaguliwe jiwe la mtoni, zito na laini. Kwa wavu wa kuinua wa sambaza, mawe manne au sita yaliyopimwa kwa mizani na kufungwa kwenye vifuko vya nyavu kuukuu yanatosha kazi. Tofauti ya nusu kilo kwa kila kilo mitumbwi mitatu haitaisikia.

Kalibu bila risasi

Kwa wavu wa kusimama jambo ni gumu kidogo, maana unahitaji vizito vidogo vingi vilivyo sawa. Hapo kalibu inarudi na faida yake kubwa, yaani usawa. Kizito kimoja kikizidi, wavu unakunjamana sehemu hiyo. Kikipungua, unaelea na samaki wanapita chini.

Umbo zuri kwa wavu ni la yai refu lenye tundu katikati. Halina pembe za kushika matundu ya wavu, kamba inapita ndani, na linabingirika juu ya mawe badala ya kukwama. La duara lililopasuliwa upande mmoja ni rahisi kufunga lakini linaponyoka. La mraba ni bora kuliacha.

Saruji inamwagwa bila moto. Kipande cha mwanzi au cha bomba la plastiki kilichokatwa sawa kinakuwa kalibu. Ndani yake unasimamisha kijiti kilichopakwa mafuta ili kiache tundu. Ukitoa vizito baada ya siku moja, vitunze katika unyevu kwa juma moja ili vikomae, kisha ulainishe kingo kwa jiwe.

Udongo unafaa pale kuna wafinyanzi. Hupungua ukikauka na tena ukichomwa, kwa hiyo kalibu iwe kubwa kidogo kuliko kizito unachotaka. Tengeneza viwili vya kujaribu kwanza, vichome, vipime, kisha ndipo uendelee. Visipochomwa sawasawa vitarudi kuwa matope majini.

Chuma hakihitaji kalibu kabisa. Vipande vifupi vya vyuma vya ujenzi, vilivyokatwa kwa urefu mmoja, vina uzito mmoja. Vitashika kutu, na kutu itakula kamba, kwa hiyo vifunikwe kwa mpira wa kuukuu wa baiskeli.

Si maskini peke yao wanaoacha risasi. Uingereza ilikataza kuuza vizito vidogo vya risasi vya kuvulia tangu mwaka 1987, vile visivyozidi gramu 28 hivi, baada ya kuona ndege wakubwa wa majini wakivimeza na kufa.

Aliye na risasi tayari

Wapo wenye nyavu zilizofungwa risasi tayari, na hawatazitupa kesho. Kizito kizima kilichotulia kwenye kamba si hatari kama vumbi. Yafaa kufuata haya:

- Usivunje batri. Irudishe nzima kwa muuzaji au mnunuzi. Asidi yake inachoma, na unga wake ndio sumu kali kuliko yote.
- Risasi inaweza kukatwa na kukunjwa baridi. Bamba jembamba linazungushwa kwenye kamba na kugongwa kwa nyundo bila moto wala moshi.
- Usibane kizito kwa meno. Tumia koleo.
- Usiyeyushe nyumbani, jikoni, wala uani wanapocheza watoto. Mama mwenye mimba asikaribie.
- Chombo kilichoyeyushia risasi kisirudi kupikia hata kikisuguliwa mara mia.
- Tone moja la maji kwenye kalibu au chomboni linageuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni. Kalibu iwe kavu na yenye joto.
- Usifagie vumbi kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Chakula nacho kinasaidia. Mwili wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha unanyonya risasi kidogo zaidi. Sambaza anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Haondoi sumu, lakini mtoto anayemla yuko na ulinzi kuliko asiyemla.

Vyama vya wavuvi wa pwani hii vina nafasi ya kuanza bila kungoja mradi wa mtu yeyote: kupima uzito wa nyavu zao, kujaribu saruji au udongo kwenye wavu mmoja kwa mwezi mmoja, na kulinganisha mavuno na wavu wa jirani. Na pale kijijini ambapo batri zimekuwa zikivunjwa, sehemu hiyo iwekewe uzio na kufunikwa udongo safi, na watoto wasichezee hapo tena. Thiaroye waliligundua hilo baada ya kuzika watoto 18. Bweremana inaweza kulijua leo, wakati wavu bado uko mkononi.